Daktari Hatibu Peke Yake

Mazungumzo yetu ya leo yawahusu hasa vijana walio shuleni katika Arusha na vijiji vya Mlima Meru, pamoja na wazazi wao, ambao kila mwaka huulizana, "Mtoto huyu akimaliza Kidato cha Nne tumpeleke wapi?" Twapenda kueleza habari za kazi za afya ambazo si udaktari wala uuguzi: kazi ya maabara, ya eksirei, ya usingizi, ya kunyosha viungo, ya kuunda miguu ya bandia, ya kulinda maji, na nyingine za namna hiyo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 hutumia jina la afya shirikishi kwa baadhi ya kazi hizi, kwa kuwa wenye kuzifanya hushirikiana na daktari katika kumtibu mgonjwa mmoja.

Watu wengi hawazijui kazi hizi, na wengine huzidharau. Husikika mzazi akisema kwamba mwanawe "alikosa udaktari, basi akaangukia maabara". Neno hilo si la haki, nasi twataka kuonyesha sababu. Hatutatafuta mfano wa mbali. Mfano tunao katika maji yanywewayo hapa hapa mlimani.

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, nao ni mlima wa moto uliolala. Mawe na majivu uliyoyatoa zamani yana madini yaitwayo floraidi. Mvua inyeshapo, maji huingia ardhini na kupita katika mawe hayo, na yatokapo tena katika chemchemi huwa yamechukua sehemu ya madini hayo. Chemchemi hazilingani: moja yaweza kuwa na floraidi kidogo, na nyingine isiyo mbali nayo ikawa na floraidi nyingi mno. Floraidi haina rangi, wala harufu, wala ladha katika maji ya kunywa. Maji yang'aayo kama kioo yaweza kuwa nayo, na jicho lisijue. Tena, kuyachemsha maji hakuiondoi. Moto huua vijidudu, na hilo ni jambo jema tusiloliacha. Lakini madini hubaki sufuriani, na kadiri maji yapunguavyo kwa mvuke, ndivyo madini yazidivyo katika maji yaliyosalia.

Floraidi kidogo hulinda meno yasioze. Lakini Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba isipite miligramu 1.5 katika lita 1 ya maji ya kunywa. Katika sehemu nyingi za kandokando ya mlima wetu, kama Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu, yako maji yanayopita kipimo hicho mbali sana. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yangali yakiumbika ndani ya ufizi, humtoka meno yenye mabaka ya kahawia, wala hapana mswaki wa kuyaondoa. Akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi, na chakula chake kikiwa na upungufu, mifupa yake nayo yaweza kudhurika, na miguu ikapinda akawa na matege mazito. Watoto wa namna hiyo mmewaona. Hawakurogwa, wala hapana laana ya ukoo, ni maji.

Basi na tumchukue mtoto mmoja kwa mfano tu, tuseme msichana wa miaka 7, ambaye miguu yake imepinda hata mwendo wa kwenda shule umekuwa taabu. Tuhesabu mikono itakayomsaidia.

Wa kwanza ni tabibu wa zahanati au wa kituo cha afya. Yeye ndiye amwonaye mtoto kabla ya wengine wote. Hapasui wala hanyoshi mfupa, lakini asipotambua kwamba ugonjwa huu una dawa yake hospitalini, mtoto atarudishwa nyumbani, na mifupa itazidi kukomaa katika upotovu wake. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Wa pili ni mtaalamu wa eksirei. Mwaka 1895 bwana mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua mionzi ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Tangu siku hizo daktari aweza kuuona mfupa bila ya kuupasua mwili. Lakini mashini haijipangi yenyewe. Yapasa mguu uwekwe sawasawa, mionzi ipimwe isizidi, na watu waliopo walindwe, kwa maana mionzi hiyo ikitumiwa ovyo hudhuru. Picha ikiwa mbaya, daktari atapima pembe ya mfupa isiyo ya kweli. Tena matege yana sababu zaidi ya moja: mengine hutokana na floraidi, na mengine hutokana na upungufu wa vitamini D au wa kalsiamu, ambao hulainisha mifupa ya watoto. Macho matupu huweza kuchanganya mambo hayo mawili. Picha njema husaidia kuyatenga.

Wa tatu ni mtaalamu wa maabara. Yeye hupima damu, aonyeshe kama madini ya mwilini yamepungua, kama mtoto ana upungufu wa damu, na damu yake ni ya kundi gani, ili ikibidi kuongezewa apewe iliyo sawa naye. Mtoto apewapo damu ya kundi lisilopatana na lake, aweza kufa. Mtu huyu aghalabu mgonjwa hamwoni hata uso. Huona mrija wa damu ukichukuliwa, basi. Lakini karatasi aiandikayo ndiyo daktari aiaminiyo.

Wa nne ni mtoa usingizi. Daktari wa upasuaji hawezi kuukata mfupa na kuunyosha ikiwa mtoto yu macho na alia. Mtoa usingizi humlaza, naye hakai kitako akangoja. Kila dakika huangalia pumzi, mapigo ya moyo na rangi ya midomo, mpaka mtoto aamke.

Hapo sasa ndipo afikapo daktari wa upasuaji na kisu chake. Kazi yake ni kubwa, wala hatuipunguzi. Lakini tazameni ni wangapi waliomtangulia, na sikilizeni ni wangapi watakaomfuata.

Mguu ukiisha kunyoshwa hutiwa plasta, nayo hukaa majuma kadhaa mpaka mfupa uunge. Karibu na Arusha iko nyumba iitwayo The Plaster House, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambamo watoto waliopasuliwa hukaa na kutunzwa mpaka wapone, kwa sababu njia za vijijini ni za tope na mabonde, na kwa mtoto mwenye plasta kurudi nyumbani upesi kwaweza kuiharibu kazi yote. Plasta ikiisha kutolewa, mtoto huogopa kukanyaga. Misuli imenyong'onyea, goti limekakamaa. Hapo ndipo ahitajiwapo wa tano, mtaalamu wa fiziotherapia. Huyu hana dawa ya chupa. Dawa yake ni mikono na subira. Leo mtoto ataukunja mguu kidogo, kesho zaidi, kisha atasimama kwa magongo, kisha atakwenda hatua 3, kisha 10. Mfupa ulionyoshwa bila ya kufundishwa kutembea ni kama jembe lililonunuliwa likaachwa darini.

Wa sita ni fundi wa viungo vya bandia na vyuma vya miguu, awaundiaye wale ambao mguu wao wahitaji kushikiliwa, au wale waliokatwa mguu kwa ajali ya barabarani au kwa kisukari. Kazi hii ni ya hesabu, ya kuchonga na ya kupima. Mguu wa bandia usiolingana na kigutu hutoa vidonda, na mwenyewe huutupa chini ya kitanda akarudia fimbo yake.

Wa saba ni afisa wa afya ya mazingira, pamoja na mpima maji. Mtu aweza kuuliza, huyu ahusikaje na hospitali? Jibu ni kwamba msichana wetu atarudi nyumbani, na nyumbani ana wadogo zake. Wakiendelea kunywa maji yale yale, baada ya miaka michache wataifuata njia ile ile ya hospitali. Afisa huyu hufika kijijini, huchukua maji katika chupa kutoka kila kisima na kila chemchemi, nayo hupimwa. Kisha huwaeleza wazazi: maji haya yafaa kufulia na kunyweshea miti, lakini mtoto mchanga asipewe, maji ya mvua yakingwe katika tangi safi yawe ya kunywa na ya kupikia, kwa maana yana floraidi kidogo sana, maziwa ya mama pia yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe hunywa maji mabaya, na magadi yatiwayo katika maharage ili yaive upesi, mengine yana floraidi nyingi, basi afadhali kuyaacha.

Tena huko Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kuna kituo cha kuchunguza jinsi ya kuiondoa floraidi. Huko hutumia mifupa ya ng'ombe, ambayo huchomwa katika tanuru mpaka ikawa mkaa, ikapondwa, na maji yakapitishwa ndani yake. Mkaa huo huishika floraidi. Lakini mkaa huchoka. Baada ya muda hauwezi kushika tena, na maji yatokayo yana sura ile ile na ladha ile ile kama ya jana. Ni nani atakayejua kwamba umechoka? Hapana mwingine ila mwenye kipimo.

Basi, wasikilizaji, hesabuni. Daktari wa upasuaji mmoja, na wataalamu wengine saba, bila ya kuwataja wauguzi, ambao kazi yao yahitaji mazungumzo ya peke yake. Mmoja wao akikosekana, au akiifanya kazi yake kwa uzembe, mtoto hapati kutembea, au hutembea akafuatwa na mdogo wake mwenye ugonjwa ule ule. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumtibu.

Labda mtu atasema, "Huo ni ugonjwa wa mlima mmoja, kwingine daktari hutosha." Basi tutazame ugonjwa ulio kila mahali, yaani kifua kikuu. Upande wa magharibi wa Kilimanjaro, mlima unaotazamana na Meru, iko hospitali ya Kibong'oto, ambayo tangu mwaka 1926 imewapokea wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kuupiga vita ugonjwa huo pamoja na ukoma, naye Dkt. Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia, alikuwa mshauri wake mkubwa. Mpango huo haukutegemea majumba makubwa. Ulitegemea dawa zitolewazo bila kukatika, daftari liandikwalo vema, na mtu wa maabara mwenye hadubini katika wilaya. Mtu huyo hupaka makohozi juu ya kioo, huyatia rangi nyekundu, huyaosha kwa asidi, kisha hutia rangi ya buluu. Vijidudu vingine hupoteza wekundu wao. Vya kifua kikuu hubaki vyekundu, navyo huonekana kama vijiti vidogo katika uwanja wa buluu. Akiviona, mgonjwa huanzishwa dawa. Na baada ya miezi hupimwa tena ijulikane kama vimekwisha. Njia hiyo ilifanikiwa hata katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaihimiza katika mataifa mengi. Siku hizi ziko mashini ziwezazo kukitambua kijidudu kwa muda wa saa 2 hivi. Lakini nazo zahitaji mtu aliyefundishwa, mwenye mikono safi na moyo wa kweli. Mtu wa maabara mvivu aandikapo "hapana kitu" bila ya kutazama kioo, mgonjwa hurudi nyumbani akakohoa mezani pamoja na watoto wake.

Sasa tuseme habari za njia ya kuingia. Kazi nyingi katika hizi hufunzwa kwa stashahada, ambayo aghalabu huchukua miaka 3 baada ya Kidato cha Nne. Yapasa mwanafunzi awe amefaulu Kemia na Bayolojia. Na kazi kama eksirei na fiziotherapia hutaka Fizikia pia. Kiingereza na Hisabati humsaidia sana, kwa kuwa vitabu vingi ni vya Kiingereza, na dawa na mionzi havipimwi kwa kukisia. Kwa hiyo neno hili si la kungojea mtihani wa mwisho. Kijana aliyeyakimbia masomo ya sayansi kwa kusikia kwamba ni magumu, amejifungia mlango huu kabla ya kuugonga. Na ninyi wasichana, msiambiwe kwamba Fizikia ni ya wavulana. Mashini ya eksirei haimwulizi aishikaye kama ni mume au mke.

Wala vyuo si vya mbali. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na huko iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo hufundishwa fiziotherapia, tiba kwa vitendo, na upimaji wa macho kwa miwani. Tena kipo chuo kijulikanacho kwa jina la TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha uundaji wa viungo vya bandia. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapo, na vijana wa Meru wapita mbele ya lango lake wasijue.

Lakini hatutaki kuwadanganya. Karo ni mzigo, na wako wazazi ambao wamemwuza ng'ombe au wameiweka rehani sehemu ya kihamba ili wailipe. Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, mzazi na ahakikishe kwamba chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, liitwalo kwa ufupi NACTVET, na kwamba kozi yenyewe atakayo mtoto imesajiliwa pia. Jengo zuri na bango kubwa la barabarani si ushahidi. Mwanafunzi atokaye chuo kisichotambuliwa hawezi kusajiliwa na baraza la kazi yake, kama lile la famasi au la wataalamu wa maabara. Na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kumhudumia mgonjwa. Ng'ombe amekwenda, na cheti ni karatasi tupu. Kadhalika, tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imewafungulia mlango wanafunzi wa stashahada katika masomo kadhaa, na masomo ya afya yamo. Waulizeni walimu wenu mapema, maana maombi yana siku zake.

Tena mjue kwamba si kila amalizaye huajiriwa upesi. Nafasi za serikali hutangazwa kwa idadi, na waombaji ni wengi. Wengine hungoja, wengine huanzia katika hospitali za makanisa au za watu binafsi, na wengine hupelekwa wilaya za mbali wasikokuwa na ndugu. Achaguaye kazi hii kwa ajili ya koti jeupe tu, atachoka kabla ya mwaka kwisha. Yapasa awe na mambo matatu. La kwanza ni ukweli: aandike alichokiona, wala si alichotamani kukiona. La pili ni subira, kwa kuwa mfupa hauungi kwa haraka ya mtu. La tatu ni kutunza siri, maana mwenye kupima damu ya jirani zake hujua mambo ambayo hayafai kusemwa sokoni.

Wazazi wetu, twawaomba neno moja. Mtoto akisema ataka kusomea maabara au fiziotherapia, msimwulize, "Kwani udaktari umekushinda?" Mwulizeni kama aipenda kazi hiyo, na kama yu tayari kuifanya vema pale asipoonekana na mtu. Akijibu ndiyo, mpeni baraka zenu.

Nanyi vijana, kesho mpitapo njiani mkimwona mtoto mwenye meno ya kahawia au miguu iliyopinda, msimcheke. Mtazameni kama mtu atazamavyo kazi inayomngoja. Mlima huu umetupa udongo mwema, ndizi, kahawa na mito, na pamoja na hayo umetupa floraidi. Watu wa kuwasaidia watoto hao, na wa kuyapima maji kabla hayajawadhuru wengine, watatoka wapi? Afadhali watoke miongoni mwenu, ninyi mzijuao chemchemi kwa majina yake na lugha ya mama aliyebeba ndoo.